Vitufe Vinavyonata Kwenye Gari la Spoti: Ununue Nini Ukiwa Mtwara, na Kipi Uanze Nacho

Umeliacha gari Shangani mchana wa Februari, vioo vimefungwa. Unarudi saa nane, unabonyeza swichi ya kioo, kidole kinaondoka na weusi kama umeshika lami mbichi. Vumbi la wiki nzima limeganda pale, nyuzi za kitambaa ulichofutia jana nazo zimeganda pale, na mke wako ameshatangaza kwamba na gauni jeupe hapandi.

Langu ni Audi TT ya kizazi cha kwanza, ile iliyotoka kati ya 1998 na 2006. Lilipofika kutoka Japani vitufe vilikuwa vikavu kabisa. Masika mawili tu ya huku kwetu yalitosha. Ugonjwa huu si wa Audi peke yake: wenye Ferrari 360 na 550 wanalia nao, wenye Maserati Coupé wanalia nao, na Golf na Passat za miaka hiyo hazikusalimika. Nimenunua karibu kila kitu kinachosemekana kinasaidia, kwa hiyo navipanga hapa kuanzia ninachokiamini hadi ambacho hela yake niliitupa.

Kwanza ujue unachopambana nacho, maana ukikosea hapo utanunua sabuni mwaka mzima. Kile kinachonata si uchafu. Viwanda vya miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili vilipenda kupaka plastiki ngumu rangi ya poliyurethani, ili ukiigusa uhisi ulaini kama wa mpira. Ngozi hiyo ikikaa kwenye joto na unyevu, maji ya hewani yanaikatakata taratibu ndani kwa ndani mpaka inarudi kuwa ute. Mafuta ya mikono, losheni na mafuta ya nazi yanaongeza kasi. Sasa fikiria Mtwara: bahari upande huu, jua upande ule, gari limefungwa kama sufuria ya wali. Ngozi ikishavunjika haiponi, na hakuna dawa ya kuirudishia ukavu wake. Inatolewa tu. Ndiyo maana kila kinachouzwa kwa ahadi ya "kulainisha na kurudisha upya" nakiweka chini kabisa bila kusoma kopo.

Halafu kuna kipimo kimoja cha bure, kifanye kabla hujafungua pochi. Usiku washa taa za gari uangalie vitufe. Kama alama yenyewe ndiyo inayowaka, ule mchoro wa kioo au wa feni, ujue kitufe hicho kwa kawaida ni plastiki inayopitisha mwanga, imepakwa weusi, kisha alama ikachongwa kwa leza kupitia weusi huo. Ukisugua mpaka mwisho utabaki na kitufe cheupe kinachong'aa chote kama taa ya karabai, na alama imekwenda. Kama alama haiwaki, mara nyingi imechapwa juu tu, nayo itaondoka mapema zaidi. Na kama kitufe hakina alama au alama imebonyezwa ndani ya plastiki yenyewe, una bahati, sugua utakavyo. Piga picha kila kitufe kabla ya kuanza. Mimi sikupiga, na kitufe changu cha taa za dharura kilikaa miezi mitano bila pembetatu.

Namba moja: spiriti.

Ya isopropili, asilimia 70 au zaidi. Maduka ya dawa yanayo mara kwa mara, na usipoipata huko nenda kwa wauza vifaa vya mafundi simu, maana wao huitumia kusafishia bodi. Soma lebo na uinuse: kuna chupa zinauzwa kwa jina la kisafisha bodi kumbe ndani ni thina, na thina tutaizungumza chini. Spiriti ya kawaida ya hospitali nayo inafaa, ila utasugua zaidi. Jeli ya kutakasia mikono inafanya kazi kwa shida na inaacha glisirini, utalazimika kusafisha mara mbili. Konyagi usiipoteze, ina asilimia 35 tu. Na yule rafiki yangu wa Mikindani aliyependekeza gongo ya mabibo, namheshimu, lakini nguvu yake haina lebo, na trafiki akikusimamisha njiani kwenda Lindi gari linanuka vile, utajieleza mpaka jua lizame.

Naiweka ya kwanza kwa sababu inaiyeyusha ngozi iliyooza bila kuila plastiki iliyo chini, inakauka haraka, na bei ya chupa ni ya sahani ya chipsi mayai, si ya kuumiza. Nunua pamoja nayo vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi (fulana nyeupe kuukuu inatosha, usinunue), pamba za masikio kwa ajili ya pembeni, mswaki laini na glavu. Ukiongeza kijiko cha plastiki cha kubandulia vitufe utashukuru, kwa sababu bisibisi inaacha makovu kwenye dashibodi na vishikizo vya plastiki ya miaka ishirini vinakatika kama bisi.

Namna ya kutumia: toa waya hasi wa betri, bandua kitufe kikibanduka, lowesha kitambaa badala ya kumwagia kitufe, kilaze juu kama dakika moja, kisha sugua kwa upande mmoja. Ute utaviringika kama ufuta mweusi. Badili sehemu ya kitambaa kila mara, la sivyo unauhamisha tu kutoka kushoto kwenda kulia. Swichi moja ya kioo ilinichukua karibu nusu saa, na ya kwanza ndiyo huchukua muda kuliko zote kwa sababu hujajua lini uache. Kwenye vile vitufe vinavyowaka, simama pale kunata kunapokwisha hata kama rangi haijawa sawa. Fanyia kazi nje au milango yote ikiwa wazi, wala usiwe na sigara mkononi: mvuke wa spiriti unashika moto kirahisi hata kwenye hali ya hewa ya baridi kuliko yetu. Swichi zilizo karibu na mfuko wa hewa wa usukani mwachie fundi umeme wa magari, na usiwashe swichi kuu ya gari wakati waya za mfuko huo zimechomolewa.

Watu wengi wanaweza kuishia hapo. Plastiki inayobaki kwenye swichi nyeusi kwa asili yake ni ngumu, nyeusi, inang'aa kidogo. Si ule ulaini wa kiwandani, lakini ni kavu, na itabaki kavu.

Namba mbili: rangi ya kopo, nyeusi isiyong'aa, pamoja na praima ya plastiki, yaani rangi ya msingi inayotangulia.

Hii ni kwa ajili ya vitufe vilivyobaki na mabaka. Maduka ya rangi za magari yanayo, na makosa ya mnunuzi ni mawili. La kwanza ni kuchukua nyeusi inayong'aa kwa sababu ndiyo iliyokuwepo rafuni, halafu mchana jua likipiga unaendesha umekunja macho. Omba ya nusu mng'ao au isiyong'aa kabisa. La pili ni kuruka praima kwa kubana matumizi. Rangi iliyopakwa moja kwa moja kwenye plastiki tupu itabanduka kwa kucha ndani ya wiki chache.

Kuna adui mwingine ambaye huku kwetu yuko kila gari: ile dawa ya kung'arishia dashibodi. Nyingi zina silikoni, na rangi haikai juu ya silikoni, inajikunja na kuacha vishimo kama macho ya samaki. Osha kwa sabuni, kausha, pitisha spiriti, kwaruza kwa msasa laini wa 800 au 1000, pitisha spiriti tena, ndipo upake. Tabaka tatu nyembamba, ukipumzisha dakika kumi hadi kumi na tano katikati.

Chagua siku. Rangi hizi zikipulizwa kwenye unyevu mwingi zinapauka, zinatoa weupe kama ukungu. Kwa hiyo Januari mpaka Aprili sahau, subiri Juni au Julai, upulize saa nne asubuhi umande ukishakauka. Kusi nayo inavuma miezi hiyo na inabeba mchanga, basi pulizia vitufe ndani ya boksi kubwa la katoni lililolala ubavu, umevichomeka kwenye vijiti vya mishikaki. Nimewahi kupulizia chini ya mkorosho na nikapata kitufe chenye sisimizi ndani ya rangi. Bado kipo, nimemwacha.

Juu ya rangi, ukitaka idumu, inafaa klia, lile tabaka angavu la kuikinga. Ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, ni imara kuliko ya kopo la kawaida, lakini ina sumu ya isosayanati, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Mpelekee mpulizaji magari mwenye maski ya vichujio, akupulizie vitufe vyako siku anayopaka bampa ya mtu mwingine. Ni suala la kuongea naye vizuri.

Alama zilizofutika zinarudishwa kwa stika. Wachapishaji wa mabango wenye mashine ya kukata vinaili za stika wanaweza kukata pembetatu na vimchoro ukiwapelekea ile picha niliyokuambia upige. Bandika kabla ya klia, si baada.

Namba tatu: kitufe kipya cha plastiki ngumu.

Hapa inategemea gari. Kwa Golf na Passat za wakati ule, swichi za vioo zinazotengenezwa China ni nyingi, hazina ile ngozi laini, na ukizipata Dar es Salaam zinatumwa kwa basi la usiku, asubuhi unazichukua stendi. Kama ningekuwa na Golf ningeanza nazo, nisingejisumbua kusugua. Kasoro yake ni mwanga: taa ya ndani inaweza isifanane rangi na za jirani zake, usiku swichi moja inakuwa mgeni kwenye harusi. Agiza kwa namba ya spea iliyochapwa mgongoni mwa kitufe chako, si kwa jina la gari, kwa sababu gari moja lina matoleo ya swichi yasiyoingiliana.

Kwa TT yangu vingi sikuvipata. Kwa Ferrari ndiyo kabisa usiweke matumaini.

Namba nne: kupeleka vitufe nje wakatengenezwe upya. Kuna karakana Marekani na Ulaya zinazoishi kwa kazi hii tu. Zinavua ngozi, zinapaka rangi ngumu na kuchapa alama upya, vitufe vinarudi kama vya dukani. Ubora hauna ubishi. Lakini nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, ushuru, na gari lililokaa wiki kadhaa lina matundu kwenye dashibodi kama mdomo wa kibogoyo, vyote hivyo vinafaa kwa mwenye gari la thamani kubwa anayetaka kuliuza likiwa na sura ya asili. Kama ni wewe, usisome zaidi, vipeleke.

Namba tano: mtumba. Hapa ndipo hela yangu nyingi ilipotea, na bado nawaona watu wakipotezea hapo. Nilinunua seti nzima ya vitufe vya TT kwa muuza spea wa Dar, vikiwa kwenye mfuko wa nailoni, vikavu, vizuri. Aliniapia, "Mjomba, hivi havijaguswa." Hakudanganya. Lakini ngozi ni ile ile, ya mwaka ule ule, na yenyewe huoza hata ikiwa kabatini, maana unyevu haungoji kidole. Vilipofika Mtwara vikanywa hewa ya bahari, na msimu wa korosho uliofuata vikaanza kunata. Hata spea halisi mpya iliyokaa stoo miaka kumi na tano ina hatari hiyo hiyo. Nunua mtumba kwa sababu moja tu: kitufe chako kimevunjika. Na ukikinunua, kivue ngozi siku hiyo hiyo kabla hujakifunga.

Vilivyobaki ni vya kutonunua. Poda ya mtoto inakausha kwa siku mbili, halafu unakuwa na ute wenye unga. Dawa ya meno inakwaruza bila kuyeyusha kitu. Petroli na mafuta ya taa yanaacha harufu, na petroli inaweza kupasua baadhi ya plastiki nyufa ndogondogo ambazo utaziona baadaye. Thina na asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, zinayeyusha plastiki yenyewe ya aina ya ABS ambayo vitufe vingi vimetengenezwa nayo. Fundi mmoja niliyemwachia gari nikaenda kuswali Ijumaa, aliona spiriti yangu inachelewesha, akachukua thina. Niliporudi kitufe cha kioo cha abiria kilikuwa na alama ya kidole chake imezama ndani, wazi kabisa kama muhuri wa kitambulisho. Ndicho kitufe pekee nilichonunua mtumba kwa haki.

Ukishamaliza, nunua kizuia jua cha kioo cha mbele na uache losheni ikauke mikononi kabla ya kushika usukani. Na usitupe ile chupa ya spiriti. Angalia darubini yako, mpini wa mwavuli, rimoti ya redio, mashine ya kunyolea: vingi vya miaka ile vilipakwa ngozi hiyo hiyo, na vingine vitakuwa vimeshaanza.