Polar H10 katika maabara ya chuo: mkanda wa kifuani unaofaa kufundishia

Kwa somo la fiziolojia au utafiti wa msongo wa mawazo, mkanda huu wa kupima mapigo ya moyo unaishinda kwa mbali saa janja. Saa hukadiria mapigo kwa mwanga unaopenya ngozi, na mkono ukitikisika ishara huvurugika. H10 hupima umeme wenyewe wa moyo, sampuli 130 kwa sekunde, na programu ya kompyuta inaweza kuuchukua mchoro mzima kwa Bluetooth.

Loanisha elektrodi (sehemu za mkanda zinazogusa ngozi na kunasa umeme wa moyo) kwa maji kabla ya kuvaa, kisha kaza mkanda chini ya misuli ya kifua. Zikiwa kavu, mapigo ya uongo hujaa dakika za mwanzo, kabla jasho halijatoka.

Wanafunzi hukwama hasa kwenye data ghafi. Muda kati ya pigo na pigo hutumwa kwa kipimo cha 1/1024 ya sekunde, si milisekunde. Thamani 1024 ni milisekunde 1000. Asiyegeuza hupata muda uliozidi kwa asilimia 2.4, na grafu haitamwonyesha kosa hilo kamwe. Fundisheni hili mapema!

Kumbukumbu ya ndani hubeba kipindi kimoja tu cha kurekodi, kwa hiyo pakua kabla ya kumvalisha mshiriki mwingine. Suuza mkanda kila baada ya matumizi na ubandue kitambuzi (kifaa chenyewe kinachobandikwa kwenye mkanda), la sivyo betri ya CR2025 huisha bure. Usiutumie kutambua ugonjwa wa moyo. Na kwa kuwa hizi ni data za afya, idhini ya maandishi hutangulia, na faili hupewa namba badala ya majina.