Huduma ya kufufua Linux katika karakana moja ya kompyuta, Mwanga, Kigoma

Mafundi wengi, wakiletewa kompyuta iliyogoma kuwaka, hukimbilia kufomati diski na kupiga Windows, na mwenye mashine huambiwa asahau mafaili yake. Karakana hii ndogo ya Mwanga haifanyi hivyo, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Kompyuta ya mezani ya ofisi yetu inatumia Ubuntu, aina mojawapo ya mfumo endeshi wa Linux. Umeme ulikatika wakati kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, ikisakinishwa, na tangu hapo mashine ikawa inasimama kwenye maandishi ya “Kernel panic”, yaani kerneli imeshindwa kuendelea. Kerneli ya zamani ilikuwa imekwisha kuondolewa, hivyo menyu ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo mashine inapowashwa, haikuwa na njia nyingine ya kuingilia.

Fundi aliiwasha mashine kwa flashi yenye Ubuntu inayojiendesha yenyewe bila kusakinishwa, akatambua partisheni (sehemu ya diski) yenye mfumo kwa amri ya lsblk inayoorodhesha diski, kisha akaikagua kwa e2fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa mafaili, kabla ya kuipachika, yaani kuiunganisha ili mafaili yake yafikike. Mpangilio huo ni muhimu mno, kwa sababu kurekebisha partisheni ya ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux) ambayo tayari imepachikwa kunaweza kuiharibu zaidi. Baada ya kuipachika aliunganisha humo saraka za /dev, /proc na /sys, ambazo amri huzihitaji ili kuvifikia vifaa na kerneli, akaingia kwa chroot, yaani amri zake zikawa zinatekelezwa ndani ya mfumo wetu ulioharibika na si ndani ya ule wa kwenye flashi. Hapo alitumia dpkg --configure -a kukamilisha usakinishaji uliokatikia njiani, akaunda upya initramfs iliyokosekana, yaani faili ambalo kerneli hulitumia inapoanza kuwaka, akamalizia kwa update-grub inayosasisha menyu ya GRUB. Mashine iliwaka, na hesabu zetu zote zilikuwepo. Alinieleza kila hatua kwa subira, jambo ninalomshukuru kwa dhati.

Bei ni ya kawaida.

Kasoro ninayoiona ni stakabadhi, ambayo iliandikwa “matengenezo” tu, ilhali orodha ya amri zilizotumika ingemsaidia sana fundi atakayefuata. Aidha, karakana hainakili data kabla ya kazi isipokuwa mteja amekuja na diski yake ya nje, kwa hiyo ni vema kwenda nayo. Mwenye diski iliyofungwa kwa LUKS, njia ya Linux ya kusimba diski kwa nywila, aende pia na nywila yake, kwani bila hiyo flashi itawaka vizuri lakini mafaili hayatasomeka.