Invata, softi stata au nyota-delta: ununue ipi kwa mota ya karakana yako Dar

Karakana nyingi za mbao zinakwama hapa: mashine ina mota ya njia tatu, umeme uliofika ni wa njia moja. Mtu anakwenda Kariakoo, anasema "nipe invata ya hosipawa tatu", anarudi na boksi. Tafadhali, kabla hujatoka nyumbani, kipige picha kibati cha mota yako. Volti na ampia zilizoandikwa pale ndizo zitakazokuongoza dukani.

1. Invata ya kuingiza njia moja

Kwa mota isiyozidi kilowati 2.2, mimi naiweka hii ya kwanza bila kusita. Inapokea volti 230, dayodi zinaugeuza umeme kuwa wa moja kwa moja, kapasita kubwa zinautuliza kwenye volti kama 325, kisha swichi sita zinaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde ili mota ipate njia tatu. Mota inaanza polepole, taa za jirani hazififii.

Ila haipandishi volti. Inayotoka ni 230, kwa hiyo kibati kiwe kimeandikwa 230/400 (yaani volti 230 ikiungwa delta, 400 ikiungwa nyota), na mota iungwe delta. Fungua kiboksi cha nyaya juu ya mota utazame nati sita: vipande vya shaba vikiunganisha tatu za safu moja, hiyo ni nyota, vikisimama vitatu sambamba, kila kimoja kikiunga nati ya juu na ya chini, hiyo ni delta. Mota ya 400/690 haifai hapa.

Soma ampia za kutoa kwenye kibati cha invata yenyewe. Niliwahi kununua moja ambayo boksi lilisema kilowati 2.2. Mota ya randa yangu ilitaka ampia 8.6, kibati cha ubavuni mwa invata kilisema 7. Ikizunguka tupu ilikwenda vizuri, ukisukuma ubao wa mninga inazima. Pesa ile haikurudi.

Ndani mna pawa saplai ndogo inayonyonya kwenye zile volti 325 na kutoa volti chache za kulisha saketi za kuongoza, kioo na feni. Hii na kapasita ndizo zinazoumizwa sana na joto letu: kila nyuzi joto 10 zikiongezeka, maisha ya kapasita yanapungua karibu nusu. Invata nyingi zimepimwa kwa nyuzi 40, na chini ya bati la Dar mwezi wa pili unafika hapo upesi. Chagua yenye feni unayoweza kuitoa na kuisafisha, uifunge mbali na vumbi la msumeno, uiachie nafasi juu na chini ipumue. Usiendeshe mota muda mrefu chini ya hezi 25, yaani nusu ya kasi yake ya kawaida, ikiwa na mzigo. Feni ya mota inazunguka na ekseli ileile, ikizubaa mota inaungua.

2. Nyota-delta

Hii inaianzisha mota ikiwa nyota, kisha inaihamishia delta. Kama una njia tatu na mashine kubwa inayoanza tupu, nunua hii. Umeme wa kuanzia unashuka hadi theluthi, na nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi. Kwenye mashine ya kusaga, mahindi yamwagwe baada ya mota kuchanganya. Mota iwe ya 400/690. Kontakta zake, yaani swichi za sumaku, fundi yeyote anazijua, na vipuri vipo.

3. Softi stata

Hii inaipandishia mota volti polepole inapoanza. Nzuri kwa pampu, maana inapunguza kishindo cha maji kwenye bomba. Haibadilishi kasi wala haizalishi njia tatu.

4. Stata ya kawaida

Inaiunga mota na umeme wote kwa mara moja. Kwa mota ndogo tu. Wakati wa kuanza inavuta mara 6 hadi 8 ya ampia za kibati.

Ukiamua invata, nenda na fundi umeme, mwombe muuzaji aiwashe palepale kaunta. Fundi apime kati ya nati zenye alama ya + na −: ikilishwa 230, asome kama 325. Mkishaizima, mtu asiguse nati hizo kwa dakika 10, hata kioo kikiwa giza, kwa sababu kapasita bado zimebeba umeme wa kuua.