Vox AC30 ya Magomeni: laki sita ilikuwa mwanzo tu

Nilipoikuta ampu hii ya gitaa, yaani kikuza sauti chake, ilikuwa meza ya televisheni. Sebule ya mama mmoja Magomeni Mapipa, kitambaa cha kufuma juu yake, na chini ya kitambaa ngozi nyeusi iliyochanika pembeni. Marehemu mumewe alipiga gitaa la solo kwenye bendi za dansi. Nikaigeuza, nikaona kibati cha JMI, kiwanda cha Dartford, Uingereza, kilichotengeneza Vox. AC30, matundu sita ya kuchomeka gitaa, spika mbili za inchi 12. Kwa alama zile ni ya miaka ya 1960.

Nikamwambia ukweli kwamba huko Ulaya kitu hiki kinauzwa mamilioni. Akacheka. "Mwanangu, wa mamilioni yuko Ulaya, mimi niko Mapipa. Lete laki sita unitolee na mende wake." Mende walikuwemo kweli, tena ukoo mzima.

Kosa langu lilikuwa fundi wa kwanza. Ni kijana wa jirani, hodari wa sabufa na redio za magari. Akaichomeka ukutani moja kwa moja, "tuisikie kwanza". Mvumo wa sekunde kama kumi, kisha pah! Vipande vya karatasi vikaruka kama sufi, na chumba kikanuka samaki aliyeungua. Kapasita kubwa, kile kifaa kinachotunza umeme ndani, ikishalala miaka mingi, dawa yake ya ndani huharibika. Ukiirushia zaidi ya volti 300 kwa ghafla, inapasuka. Akanidai elfu ishirini ya kuiangalia. Nililipa, maana nilikuwepo na nikanyamaza.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja Ilala, fundi redio wa enzi za redio za taa. Valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti, yeye anaziita taa tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeniletea redio au jeneza?"

Alichonifurahisha ni kwamba siku ya kwanza hakuichomeka kabisa. Alifungua, akachukua rezista, kifaa cha kuzuia umeme, yenye waya mrefu, akagusisha kwenye kila kapasita kubwa huku mkono wa pili ameuweka mfukoni, umeme usije ukapita kifuani. "Hii inaua hata ikiwa haijachomekwa," akasema. "Umeme unabaki umejificha humu." Wanaotaka kufungua wenyewe nyumbani wakumbuke huo mkono wa mfukoni.

Wiki mbili akabadilisha kapasita zote kubwa, na zile ndogo zinazopeleka sauti kwenye valvu za mwisho. Hizi ndogo ndizo zilizokuwa zinavujisha umeme. Zikivujisha, valvu inapitisha mkondo kupita kiasi, bati lake la ndani linakuwa jekundu kama kaa, na ukiacha hivyo inaondoka na transfoma. Akakata pia plagi ya pini mbili, akaweka waya wenye njia ya ardhi na plagi ya pini tatu. Wapiga gitaa wa zamani, wa ampu zisizo na njia ya ardhi, watakusimulia shoti za mdomoni kutoka kwenye maikrofoni.

Kabla ya kuiwasha alifunga glopu ya zamani, ile ya waya wa ndani, ya wati 100, iwe njiani kati ya ukuta na ampu. Kukiwa na shoti ndani, glopu inawaka kwa nguvu zote na ampu inasalimika. Mambo yakiwa sawa, inamulika kidogo kisha inafifia. Glopu hiyo niliitafuta Kariakoo nusu siku, kila duka wananipa za LED. Yetu ilimulika, ikafifia. Mzee akasema "enhee" na kuagiza chai.

Jambo lililonishangaza ni kiswichi cha nyuma cha kuchagua volti. Kilikuwa kwenye 205, pengine bendi ilikiweka huko kwa sababu ya umeme hafifu wa ukumbini. Nyumbani kwangu mita ilisoma 236. Maana yake nyuzi za kupasha valvu moto, zinazotakiwa volti 6.3, zingepata kama 7.2. Tukakisogeza 245.

Valvu za mwanzo, zinazopokea sauti ya gitaa, zilikuwa za kampuni ya Mullard, za zamani na nzima. Moja niliifuta vumbi kwa kidole gumba, jina lote likaondoka, likabaki jivu jeupe kwenye ngozi yangu. Msizifute. Nilichoagiza nje ni valvu za mwisho, EL84 nne mpya za JJ, wanaozitengeneza Slovakia, na GZ34 moja, valvu inayogeuza umeme kuwa wa njia moja. Hizo zilinila laki tatu na themanini, na usafiri na ushuru laki na kumi juu yake. Kapasita elfu tisini na tano, mzee laki mbili na nusu, spika moja kubandikwa karatasi iliyotoboka elfu arobaini, seremala wa Keko elfu sitini. Jumlisha na laki sita ya mama na ile elfu ishirini ya mlipuko.

Sauti? Nimezoea ampu za transista, ambazo ukizidisha zinakwaruza kama bati. Hii ukiipandisha kupita katikati inaanza kukoroma taratibu, na ukipunguza mkono kwenye nyuzi inasafika yenyewe bila kugusa kitufe. Kwa mapigo ya solo la dansi, yale ya noti moja moja zinazojibizana na ridhimu, sijapata kusikia kitu kinachokata hivi. Mzee mwenyewe aliniomba nirudie mara tatu.

Lakini kwa anayepiga baa kila Ijumaa, simshauri. Ina zaidi ya kilo 30, kwenye bajaji inakaa kiti cha abiria na wewe unaning'inia. Umeme ukikatika na kurudi ghafla katikati ya wimbo, roho inakuruka. Mimi naitumia nyumbani na studio tu, na plagi naichomoa nikimaliza.

Chaneli ya vibrato, ile ya kutikisa sauti, bado inatoa tik, tik, tik hata gitaa likiwa kimya. Mzee amesema niirudishe baada ya Idi, na safari hii nisije na mende.