Fimbo ya Kuzuia Tela Kuyumba: Nimeijaribu Dodoma hadi Iringa

Habari zenu ndugu zangu, karibuni sana. Hapa niko Dodoma, nyumbani, na hili nyuma yangu ni karavani letu. Watoto wanaliita tela la kulala, na mimi nimeshazoea kuliita hivyo. Wengi mliliona Nzuguni wakati wa Nanenane, na swali lenu kubwa lilikuwa hili: mbona tela likifika mwendo fulani linaanza kupiga mkia, na hii fimbo ya kuzuia kuyumba inafanya kazi kweli?

Inafanya kazi. Ila nawaomba msikimbilie kuinunua kabla hamjanisikiliza.

Kiangazi kilichopita nilikuwa natoka Manyoni kurudi Dodoma, jioni, upepo unapiga ubavuni. Sijafika Bahi, basi likanipita. Aliyewahi kuvuta tela analijua hili: basi likikukaribia, hewa yake inalisukuma tela pembeni, likishakupita inalivuta upande wake. Tela likaenda kushoto, likarudi kulia, likaenda tena kushoto, na kila safari linakwenda mbali zaidi. Nyuma ya gari nikahisi inavutwa kama kuna mtu ameikamata. Watoto wakanyamaza.

Niliondoa mguu kwenye mafuta taratibu, nikashika usukani umenyooka, nikaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe. Breki sikugusa. Ukikanyaga breki kwa nguvu, gari linazuiwa huku tela bado linasukuma, na hapo ndipo vinapojikunja. Wala usijaribu kulifuatisha kwa usukani, maana mkono wako unachelewa na unaliongezea mtikisiko. Wengine huongeza mwendo wakidhani watalinyoosha. Jamani, msifanye hivyo. Kama tela lina breki za umeme zenye kitufe chake mbele kwa dereva, bonyeza hizo peke yake.

Baada ya siku ile ndipo nikaagiza fimbo. Isogelee uione. Ni vyuma viwili bapa, kimoja kinateleza ndani ya kingine, na katikati kuna lainingi kama ya breki. Mkono huu ukiukaza, lainingi inabanwa. Upande mmoja unashika hapa kwenye gari, pembeni ya kichwa kinachobeba tela, upande mwingine unashika kwenye shingo ya tela, yaani chuma cha mbele kinachokaa juu ya kichwa hicho, kama sentimita 60 kutoka kichwa. Tela likitaka kugeuka ghafla, msuguano unalizuia. Hakuna umeme, hakuna kompyuta. Kwa bei, pamoja na kuifikisha hapa, ilinikaribia tairi moja jipya la pikapu.

Nikaifunga, nikatoka. Tela likatulia kidogo, lakini likipitwa na basi bado linatingishika. Nikakaza zaidi. Likatulia zaidi, ila moyo wangu haukutulia, kwa sababu nilikuwa nakaza juu ya tatizo ambalo sijaliona.

Nililiona Kibaigwa. Pale sokoni kuna mizani za kupimia magunia ya mahindi, na mfanyabiashara mmoja aliniazima yake kwa moyo safi kabisa. Tukaegesha tela mahali tambarare, tukaweka mawe kwenye matairi, tukasimamisha kipande cha mbao juu ya mizani na kuikalisha shingo ya tela juu yake, kwa urefu uleule inaokuwa nao ikifungwa kwenye gari. Kilo 38. Tela zima lina kilo 1,100. Maana yake shingo ilikuwa inabeba asilimia tatu na nusu tu!

Wamarekani hushauri asilimia 10 hadi 15. Waingereza, kwa karavani zao nyepesi, hushauri 5 hadi 7. Mimi nilikuwa chini ya wote. Na sababu ilikuwa tangi la maji, lita 150, nililolifunga nyuma kabisa. Sisi wa Dodoma tunajua thamani ya maji, hatusafiri bila maji. Lakini lita 150 ni kilo 150, na zilikuwa mita 1.6 nyuma ya ekseli. Uzito wa nyuma unainyanyua shingo, na tela ambalo shingo yake hailemei gari linageuka bembea.

Nikalihamisha tangi likakaa juu ya ekseli, chini sakafuni. Tukapima tena: kilo 108. Na sasa silibebi nusu, ama limejaa ama tupu, kwa sababu maji ya nusu tangi yanacheza huku na huku. Kabla hujaongeza uzito wa shingo, soma pia kibao cha chuma kinachovutia tela; kina kikomo chake kimeandikwa, na gari lenyewe lina chake.

Jambo jingine nililolikuta ni kichwa kile kinachobeba tela. Soma juu yake. Vingine ni milimita 50, vingine ni inchi 2, yaani milimita 50.8. Vifaa vyetu vingi ni vya mtumba, vinachanganywa. Mdomo wa shingo ya tela wa inchi 2 ukikaa juu ya kichwa cha 50 unalegea, na ulegevu huo unauona barabarani. Matairi nayo, angalia upepo yakiwa baridi, na soma tarakimu nne za mwisho ubavuni: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lina kashata nzuri lakini ni zee, liache.

Baada ya hapo nikaenda Iringa kupitia Mtera bila fimbo. Tela likatulia. Nikarudi na fimbo, tukashuka Nyang'oro kwa gia nzito, na mteremko ndio mtihani wenyewe kwa sababu tela linakusukuma. Tofauti niliihisi kwenye upepo wa ghafla na mabasi: mtikisiko unakufa mara moja badala ya kurudi mara mbili tatu.

Kasoro zake ninazo. Inalia ukikata kona, vumbi letu linaiongezea kelele. Fundi mmoja alinipakia grisi kwenye lainingi akidhani ananisaidia, ikawa haina kazi tena mpaka nikabadilisha lainingi. Grisi haitakiwi hapo kamwe. Mvua ikifanya barabara iteleze, ilegeze fimbo, vinginevyo inalizuia gari kunyooka baada ya kona.

Kama tela lako halitulii bila fimbo, usiinunue bado. Nenda kwanza kwenye mizani. Kama limeshatulia na unasafiri barabara zenye upepo kama za Singida na Manyoni, mimi naipa ndiyo.

Sasa nataka kuliingiza tela uani kinyumenyume, na fimbo ikibaki itapinda. Kwa hiyo angalia: pini ya kwanza hii, pini ya pili hii, naivuta, naiweka ndani ya gari. Haya, mwanangu, simama pale kwenye geti unielekeze.