Magari ya safu tatu za viti kwa familia ya Mbeya: X-Trail, Outlander, CR-V, CX-8 na Prado

Anayenunua gari la familia lenye safu tatu za viti akiwa Dar es Salaam anaweza kuanza na swali la bei, lakini anayenunua akiwa Mbeya inampasa kuanza na swali la mwinuko. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kiasi kwamba injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zilizoandikwa na kiwanda. Ukipanda hadi uwanda wa Kitulo, ambako ni mita 2,600 hivi, upungufu huo unakaribia robo nzima. Turbo huishindilia hewa ndani ya injini, na kwa sababu hiyo gari lenye turbo halilegei milimani kwa kiwango hicho. Wauzaji wa kwenye yadi hawalitaji jambo hili, nami nimelifanya kuwa mzani wa kwanza katika ulinganisho huu, kwa sababu sisi ni familia ya watu saba ambayo kila mara husafiri ikiwa imekamilika: wazazi wawili, watoto wanne na bibi yao.

Magari niliyoyalinganisha ni yale yanayoletwa kwa wingi au kwa kiasi kutoka Japani yakiwa yametumika: Nissan X-Trail ya umbo la T32, Mitsubishi Outlander iliyoanza 2012, Honda CR-V ya kizazi cha tano, Mazda CX-8, na Toyota Land Cruiser Prado ya umbo la 150. Harrier, ambayo nusu ya mji inaiota, haimo kwa sababu ina viti vitano tu. Hapo pia pana mtego kwa wanunuzi wa mtandaoni: X-Trail ya haibridi (petroli na umeme pamoja) ya umbo la T32 na Outlander PHEV (haibridi ya kuchajiwa kwa waya) ya kizazi hicho zina viti vitano, ingawa ukizitazama kwa nje huwezi kuzitofautisha kwa urahisi na ndugu zao wa petroli. Herufi za chesisi ndizo zinazosema kweli. X-Trail ya petroli yenye foo-wili, yaani injini inayoendesha magurudumu yote manne, husomeka NT32 na ya haibridi HNT32, na Outlander ya petroli ya foo-wili husomeka GF8W ilhali PHEV ni GG2W au GG3W. Hata NT32 nyingine zina safu mbili tu, kwa hiyo omba picha ya buti likiwa wazi na viti vya nyuma vikiwa vimesimamishwa, na usiridhike na neno la kwenye tangazo.

Nianze na X-Trail, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kupendekezwa na kila mtu. Injini yake ya lita 2.0 hutoa nguvu za farasi 147. Ukiondoa sehemu inayomezwa na mwinuko unabaki na kama 125 hapa mjini, na gari lenyewe lina uzito wa takriban tani moja na nusu kabla hajapanda mtu. Kwa watu wanne na mizigo yao inakwenda vizuri, ina uwazi mzuri kutoka ardhini, na viti vyake vya mbele ni vya starehe kwa safari ndefu. Kwa watu saba kutoka Kiwira kurudi Uyole ni habari nyingine: injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko unakaa juu, na kulipita lori lililobeba makaa ya mawe kunahitaji subira na barabara iliyonyooka, ambayo kwenye njia ya Tukuyu si nyingi. Safu yake ya tatu ni ya watoto wa shule ya msingi. Mtu mzima anaweza kukaa humo kutoka Mwanjelwa mpaka Mbalizi, na akishuka atakuwa na maneno ya kusema.

Outlander ya lita 2.4 ina nguvu za farasi 169 na, kwa maoni yangu, ndiyo gari linalodharauliwa bila sababu katika kundi hili. Kwa Japani, Outlander za petroli za kizazi hicho zilitoka na viti saba, hivyo huhangaiki kuitafuta yenye safu ya tatu kama ilivyo kwa X-Trail. Ile ya lita 2.0 ni ya magurudumu mawili ya mbele, na kwa atakayekanyaga tope la Isyonje mwezi wa tatu siishauri. Safu ya tatu ya Outlander ina benchi jembamba na magoti hupanda juu, ingawa ukisogeza mbele siti za katikati watoto hupata nafasi ya miguu. Uwazi wake kutoka ardhini ni milimita 190, pungufu kidogo kuliko X-Trail, na tofauti hiyo utaiona kwenye makorongo ya barabara za mitaani kuliko barabara kuu.

X-Trail, Outlander na CR-V zote tatu zinatumia giaboksi ya CVT, ambayo haina gia za kawaida bali mkanda wa chuma unaopanda na kushuka juu ya puli mbili. Adui mkubwa wa mkanda huo ni joto, na hakuna kinachopasha joto kama mzigo mzito kwenye mlima mrefu kwa mwendo mdogo nyuma ya malori, yaani mlima wa Kitonga kwa ukamilifu wake. CVT si mbovu kwa asili yake, lakini haivumilii oili isiyo yake. X-Trail hiyo inataka oili ya NS-3 na Outlander inataka J4, wala oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki haifai hata kama rangi zinafanana. Fundi wetu, ambaye mikono yake imepita katika giaboksi nyingi pale Mwanjelwa, haulizi kwanza gari limekwenda kilomita ngapi. Anauliza oili ya giaboksi ilibadilishwa lini na kwa oili gani. Kwa kuwa mara nyingi gari lililotumika haliji na jibu la swali hilo, gharama ya kubadilisha oili hiyo mara tu gari linapofika iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

CR-V naisema kwa ufupi kwa sababu za viti saba ni chache sokoni. Kwa Japani ilirudi 2018 ikiwa na injini ya lita 1.5 yenye turbo na nguvu za farasi 190, na toleo la viti saba likawa la petroli tu. Kwa karatasi inafaa sana nyanda za juu: ina turbo ya kupambana na mwinuko, na injini yake iko chini ya sentimita za ujazo 2,000, jambo linalopunguza kodi kama nitakavyoeleza. Kasoro yake kwetu ni safu ya tatu finyu. Familia yenye watoto wadogo watatu au wanne na isiyosafiri na wazee ingefanya vyema kuitafuta kwa utulivu.

Mazda CX-8 ndiyo iliyonishangaza. Ilianza kuuzwa Japani Desemba 2017, na tofauti na magari matatu niliyokwisha kuyataja, yenyewe iliundwa tangu mwanzo kwa ajili ya safu tatu. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,930, wakati X-Trail ina 2,705, na nafasi hiyo yote iliyoongezeka imekwenda kwa abiria. Mazda walisema safu ya tatu inamtosha mtu mwenye kimo cha sentimita 170, na kijana wetu wa kidato cha nne, ambaye kwa kimo amekwisha kumpita mama yake, alikaa humo bila kuinamisha kichwa. Injini yake ya dizeli ya lita 2.2 ina nguvu za farasi 190, lakini namba inayohusu Mbeya ni Nm 450 za nguvu ya mzunguko, zaidi ya maradufu ya zile 207 za X-Trail, na zinapatikana mizunguko ikiwa 2,000 tu kwa dakika. Maana yake ni kwamba gari linapanda likiwa limejaa watu bila kupiga kelele. Giaboksi yake ni ya otomatiki ya kawaida yenye gia sita, na kwenye mteremko unaweza kuishikilia gia ya tatu au ya pili ili injini ikusaidie kupunguza mwendo badala ya kuchoma breki. Anayeujua mteremko wa Iwambi ataelewa kwa nini nalipa jambo hili uzito.

Hata hivyo CX-8 ina masharti. Ya kwanza, kuna toleo la viti sita lenye viti viwili vilivyoachana katikati. Ni zuri kwa macho na halitoshi kwa watu saba. Ya pili ni urefu wake wa mita 4.9, ambao kwenye maegesho ya sokoni Mwanjelwa siku ya Jumamosi ni mtihani. Ya tatu ni spea: vitu vya kawaida vya breki na vichujio vinapatikana, lakini kioo cha taa au kipande cha bampa utaagiza Dar es Salaam na kusubiri basi. Ya nne ndiyo kubwa kuliko zote. Dizeli ya kisasa ina chujio la masizi ndani ya mfumo wa bomba la moshi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi pale gari linapokwenda kwa mwendo wa kutosha kwa muda mrefu. Gari linalozunguka tu kati ya Forest, Soweto na shuleni, injini ikizimwa kabla haijapata moto, na hasa kwa baridi yetu ya Juni na Julai, halitapata nafasi ya kulimaliza zoezi hilo. Chujio litaziba, na dizeli inayonyunyizwa kwa ajili ya kuchoma masizi itajipenyeza kwenye oili ya injini, ambayo itaongezeka badala ya kupungua. Kwa hiyo CX-8 ya dizeli ni ya familia inayosafiri. Asiyetoka mjini aitafute ya petroli ya lita 2.5, iliyoongezwa 2018, na akubali kwamba ile isiyo na turbo itapunguzwa na mwinuko kama wenzake.

Kuhusu Prado, najua kuna wasomaji waliokuwa wakiisubiri tangu aya ya kwanza. Prado ina fremu ya ngazi chini ya bodi, ina gia ya nguvu ya chini, spea zake ziko kila mahali kuanzia Makambako hadi Tunduma, na ukiamua kuiuza utapata mnunuzi kabla hujamaliza kuiosha. Kwa anayekwenda Makete mara kwa mara, au kupanda kona 57 za Chimala kuelekea Matamba wakati wa mvua, sioni gari jingine hapa la kushindana nayo. Lakini Prado nyingi zinazoletwa ni TRJ150W, yaani petroli ya lita 2.7 yenye nguvu za farasi 163 zinazovuta gari la zaidi ya tani mbili. Kabla ya 2015 ilikuwa na giaboksi ya gia nne tu. Huku kwetu, Prado hiyo ikijaa watu saba ni nzito kuliko X-Trail tuliyoilalamikia, na inakunywa zaidi: kwa kipimo cha Kijapani cha JC08 inakwenda kama kilomita 9 kwa lita, wakati CX-8 ya dizeli inapita 17. Vipimo hivyo ni vya maabara na barabarani hupungua kwa wote, ila tofauti kati yao haiondoki. Watu wengi hununua beji na kisha hushangaa wanapopitwa na Noah mlimani.

Prado sahihi kwa nyanda za juu ni GDJ150W, dizeli ya lita 2.8 yenye turbo iliyoanza kuuzwa Japani Juni 2015, nayo pia ina Nm 450. Bei yake iko mbali sana na nyingine zote. Zaidi ya hayo, ile ya soko la Japani inahitaji kimiminika cha urea kiitwacho AdBlue, kwenye tangi lake la pekee, na kikiisha gari hukataa kuwaka likishazimwa. CX-8 haikihitaji. Safu ya tatu ya Prado, kwa sababu ya fremu na ekseli iliyo chini yake, ina sakafu ya juu, hivyo mtu mzima hukaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Bibi yetu alijaribu kupanda siti ya katikati na akauliza ngazi iko wapi.

Mizigo ni kero ya magari yote matano. Viti saba vikiwa vimesimama, CX-8 inabakiza lita 239 nyuma, kiasi cha mabegi machache ya mkononi, na nyingine hubakiza kidogo. Safari ya Tukuyu au Kyela isiyorudi na mkungu wa ndizi na mchele ni safari ya wapi? Keria ya juu ya paa ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya gari.

Upande wa kodi, injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na inayozidi 2,000 asilimia 10, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18. Kinachoumiza zaidi ni ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, na 30 kwa lililozidi kumi. Ndiyo maana Toyota Vanguard, iliyokoma kutengenezwa 2013 na ambayo bado nasikia ikisifiwa, sikuiweka kwenye orodha. Unafuu wa bei yake ya Japani huliwa bandarini. Kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni, na kiangaliwe kabla ya kumtumia muuzaji pesa, kwa sababu thamani inayotumika kukadiria ni ya TRA na si lazima iwe ile ya risiti yako.

Sisi tumechagua CX-8 ya dizeli, ya viti saba na foo-wili, kwa sababu karibu kila mwezi tuna safari ya Iringa ya kilomita zaidi ya 300, ambayo ndiyo dawa ya lile chujio. Kama fedha zingekuwa pungufu ningenunua Outlander ya 2.4 bila kinyongo. Kwa muuzaji tumeomba mambo mawili kabla ya malipo: karatasi ya mnada ya Japani yenye daraja la gari na kilomita zake, na picha ya kijiti cha oili ya injini, kwani oili iliyopanda juu ya alama ya mwisho ingetufanya tutafute gari jingine.