Mabuti mapya, makoti ya mitumba: vifaa nilivyopanda navyo Kilimanjaro

Soli ya buti la kushoto iliachia nikiwa nimepita kidogo Morningside, kwenye milima ya Uluguru, saa tatu baada ya kuondoka nyumbani. Haikuchanika, ilimeguka. Nilipoinua mguu, mpira wa chini ulibaki kwenye tope, na pale ulipokuwa umeshikana na ngozi palibaki chengachenga nyeusi kama keki iliyosahaulika kabatini. Nilishuka hadi mjini Morogoro nimelifunga buti kwa kamba zake mwenyewe, nikichechemea, na safari ya Kilimanjaro ilikuwa imebakiza wiki saba.

Mabuti hayo niliyanunua mitumba kwa shilingi 45,000. Ngozi nzuri, meno ya soli hayajalika, hata harufu ya kuvaliwa hayakuwa nayo. Niliamini nimeokota dhahabu. Fundi viatu wangu aliyashika mara moja tu akajua. Akanionyesha kwamba kati ya ngozi na ule mpira unaokanyaga chini kuna tabaka laini kama sponji, ndilo linalopunguza mshindo wa hatua. Kwenye mabuti mengi tabaka hilo ni la poliyurethani, aina ya plastiki, na poliyurethani huliwa taratibu na unyevu wa hewani, kiatu kivaliwe kisivaliwe. Buti likilala stoo miaka mingi huonekana jipya kwa macho, kumbe ndani limeshakwisha. Gundi nayo haisaidii, maana haina kitu kizima cha kushika.

"Mwanangu, hiki hakishoneki," aliniambia fundi, akanirudishia. "Ungekibonyeza kabla ya kutoa hela."

Tangu siku hiyo nabonyeza. Nakandamiza kucha ya kidole gumba kwenye ubavu wa soli, pale kwenye sponji. Ikibonyea na kurudi, ni nzima. Ikiacha shimo, au ikitoa unga, au ukiona mipasuko midogo kama ya ardhi ya kiangazi, rudisha kiatu mezani hata kama muuzaji ameshuka hadi elfu kumi. Halafu kunja buti kwa nguvu mbele ya muuzaji, kisigino kielekee vidole. Muuzaji akikuzuia usilikunje, jibu umeshalipata.

Tulikuwa watu tisa kutoka kazini, tumejipanga kuwa kileleni tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru. Watanzania wengi hupanda kipindi hicho, kwa kuwa mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliuweka Mwenge na bendera kule juu. Uzuri wa siku hiyo sina haja ya kuueleza. Ila ni msimu wa vuli, na mvua ya vuli pale msituni haina mzaha. Njia yetu ilikuwa Marangu, siku sita, moja ikiwa ya kupumzika kituo cha Horombo ili mwili uzoee hewa. Njia hii ina nyumba za kulala na magodoro kwenye vituo vyake vitatu, Mandara, Horombo na Kibo, kwa hiyo hatukuhitaji mahema, na hapo gharama ikapungua sana.

Kwa mabuti sikurudia mitumba. Niliagiza mapya kupitia shemeji yangu aliyeko Nairobi, yakanigharimu karibu shilingi 300,000 pamoja na nauli ya basi. Ni fedha nyingi kwa mshahara wa mwalimu, na bado nasema ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko yote. Niliyajaribu jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa kusimama darasani, nikiwa na soksi zilezile nene za kwenda nazo. Nilihakikisha nikisukuma mguu mbele kidole kimoja kinapita nyuma ya kisigino. Nafasi hiyo haina kazi wakati wa kupanda. Kazi yake utaiona siku ya kushuka, kutoka kileleni hadi Horombo kwa siku moja, vidole vikigonga mbele kila hatua. Mwenzangu mmoja aliyevaa buti la kumkaa sawasawa alirudi nyumbani na kucha mbili nyeusi, moja ikadondoka kabla ya Pasaka. Mimi sikupata hata lengelenge. Lakini nilikuwa nimeyavaa mwezi mzima: kwenda kazini, kwenda sokoni, na mara tatu kwenda Morningside na kurudi.

Nguo ndiyo habari nyingine, na hapa nawasifu mitumba bila kusita. Ukifika Moshi nenda soko la Memorial ukiwa na asubuhi nzima mkononi. Kuna meza zimejaa makoti na suruali walizovaa Wazungu kwenye michezo ya theluji, na kwa kuwa hakuna mtu wa Moshi mjini anayevaa suruali ya theluji kwenda kazini, bei zake ni za kuzungumzika. Nilinunua suruali moja ya theluji 12,000, koti zito lenye kofia 18,000, sweta mbili za manyoya laini ya kutengenezwa, yale yanayokauka haraka, kwa 5,000 kila moja, na fulana ya ndani ya sufu kwa 3,000. Fulana hiyo nililala nayo usiku tano na sikuivua.

Kitu nilichokiepuka ni pamba. Pamba ikinyonya maji haiyaachii, na nguo iliyolowa inaunyang'anya mwili joto. Mwenzetu mmoja alivaa jinzi siku ya kwanza kwa sababu getini pale Marangu kulikuwa na joto. Mvua ikatukuta msituni kabla ya Mandara. Jinzi ile ilianikwa Mandara, ikaanikwa Horombo, ikafungwa nje ya begi siku ya tatu, na tuliporudi getini ilikuwa bado nzito kiunoni.

Koti la mvua la mitumba lina mtihani wake. Ligeuze ndani nje. Ukiona utando wa ndani unabanduka kama magamba ya samaki, au utepe uliobandikwa juu ya mishono unainuka, koti hilo limegeuka kitambaa cha kawaida. Mimi nilitembea na chupa ya maji, namwaga kidogo begani kwa ruhusa ya muuzaji, nasubiri dakika mbili halafu napapasa kwa ndani. Niliyaacha manne kabla ya kupata moja. Muuzaji, mama mmoja mchangamfu sana, alianza kunishikia makoti mwenyewe ili nimwage vizuri.

Glavu, nunua za kidole gumba peke yake na vingine vinne pamoja. Vidole vikikaa pamoja vinapeana joto. Chini yake vaa nyembamba za vidole vitano, ili ukitaka kufunga zipu usibaki mikono mitupu. Hilo aliniambia mpagazi wetu mmoja Horombo, na usiku wa kileleni nilimshukuru kimoyomoyo kila nilipofungua chupa.

Sasa begi la kulalia. Hili ndilo lililoniumiza, na ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Nililikodi Moshi, duka ambalo sitalitaja, kwa siku zote sita. Kipande cha karatasi kilichofungwa pembeni kilisema −22. Nikawaza, kule Kibo baridi ya usiku haitafika huko, basi niko salama. Sikujua kwamba begi la kulalia lililopimwa kwa viwango vya kimataifa lina namba tatu, si moja. Ya kwanza ni ile ambayo mwanamke wa kawaida analala kwa raha. Ya pili ni ile ambayo mwanamume wa kawaida, akijikunyata, anaweza kupata usingizi. Ya tatu ni ya kuokoa roho: ukiwa kwenye baridi hiyo unaweza kumaliza saa sita bila kufa, lakini mwili uko hatarini. Ile −22 ya dukani ilikuwa namba ya tatu. Lebo ndogo iliyoshonwa kwa ndani, ambayo niliisoma kwa tochi nikiwa Horombo, ilisema raha ni nyuzi 0.

Mandara, mita 2,720, nililala vizuri. Horombo, mita 3,720, niliamka mara mbili. Kibo, mita 4,720, sikulala kabisa. Tulijilaza saa moja jioni ili tuamshwe karibu na saa sita usiku, na saa zile zote nilitetemeka hadi taya zikauma. Magoti yalikuwa na joto. Mabega yalikuwa kama yamefunikwa kwa shuka. Niliwasha tochi, nikanyanyua upande wa juu wa begi mbele ya mwanga, na mwanga ukapita. Manyoya ya bata yaliyotakiwa kujaa kila chumba cha begi yalikuwa yameshuka yote miguuni, na vyumba vya kifuani vilikuwa vitupu, kitambaa juu ya kitambaa. Zipu nayo ilikuwa inafunguka yenyewe nikigeuka.

Aliyeniokoa ni yule mpagazi wa glavu. Aliniona nimekaa kitandani nimejikunja, akaniuliza, "Dada, una chupa ngumu?" Akaenda kuniwekea maji ya moto, na Kibo maji hayapo, yale yote yalikuwa yamebebwa kutoka chini. Nikaivika chupa soksi nzito na kuiweka kati ya mapaja. Baada ya robo saa taya zilitulia. Tulipoanza kupanda nilikuwa na maji ya vuguvugu ya kunywa.

Kwa hiyo ukikodi, fanya hivi palepale dukani hata kama wanakuharakisha. Soma lebo ya ndani, tafuta namba ya raha, na kwa Kibo, au kambi ya Barafu ya njia ya Machame, mimi sitakubali tena kitu kilicho juu ya −10. Linyanyue mbele ya dirisha uangalie kama mwanga unapita. Papasa vyumba vyote, hasa vya kifuani. Endesha zipu juu na chini mara kumi. Ingia ndani, jifunge, jigeuze. Vilevile uliza kama ni la manyoya au la nyuzi za kutengenezwa: la manyoya ni jepesi na lina joto zaidi, ila likilowa linasinyaa na kuwa kama kitambaa tu, la nyuzi ni zito lakini linavumilia unyevu. Msimu wa mvua, kama huna mfuko wa uhakika wa kulifungia, chukua la nyuzi.

Mfuko wenyewe mimi nilishonewa na fundi cherehani kwa kitambaa cha mwavuli, kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na getini hawaipitishi. Haukuingiza hata tone.

Mengine nayapitia haraka. Begi la mgongoni la lita 30 linatosha, muhimu ni mkanda wa kiunoni ubebe uzito badala ya mabega. Fimbo za kutembelea, chagua zinazofungwa kwa kibano. Zangu zilikuwa za kuzungusha, na moja iliteleza ikawa fupi wakati wa kushuka kwenye changarawe chini ya Gilman's, pale ukingoni mwa kreta. Tochi ya kichwani iwe na betri mpya, na za akiba zikae mfuko wa ndani pamoja na simu, maana baridi huzimaliza. Mrija wa maji wa begini uliganda kabla ya saa tisa usiku. Chupa haikuganda, nilikuwa nimeiweka kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu na hivyo mdomo ukabaki wazi. Miwani ya jua usiache. Mwanga wa asubuhi kwenye barafu unachoma macho.

Kuna uzito pia. Begi lako la kubebewa lisizidi kilo 15, kwa sababu mpagazi na vyake vyote anatakiwa asizidi 20. Nililipima langu buchani kabla ya kusafiri, lilikuwa na 19. Nikatoa jozi ya pili ya viatu, taulo kubwa, na vitabu viwili. Sikuvikumbuka hata siku moja. Anayebeba ni mtu, na baadhi yao huwaona wamevaa raba nyepesi kuliko zako. Ukiwa na buti zima au koti unaloliacha, pale Moshi kuna KPAP, shirika linaloazima nguo za mlimani kwa wapagazi bila malipo. Mimi nililiacha huko koti langu la 18,000.

Gilman's tulifika saa kumi na mbili asubuhi, jua likitokea nyuma ya Mawenzi. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, saa mbili na dakika chache. Saba kati ya tisa. Nilikuwa na vidole vya miguu vyote, vikavu na vya moto ndani ya yale mabuti, nikaimba wimbo wa taifa nikilia.

Siku mbili baadaye nilirudisha begi la kulalia dukani. Nilimweleza mwenye duka kwa heshima, nikamwonyesha vyumba vitupu. Akasema wageni wengi wamelitumia na hakuna aliyelalamika, akalitundika tena msumarini. Walikuwapo vijana wawili, nadhani wanafunzi wa chuo, wanachagua vya kwao. Mmoja alinyoosha mkono kulishika lilelile. Nikamwomba alishushe, tukatoka nalo hadi mlangoni, na nikamwonyesha jinsi ya kulinyanyua kwenye jua.